Oda Kutoka Vienna

Barua ilifika Jumanne, pilipili zikiwa bado motoni:
mitungi elfu arobaini, kabla ya Krismasi.
Desanka alifuta miwani kwa aproni yenye masizi,
akaisoma tena, akanipa mimi, mwana wa mdogo wake,
mwenye kikokotoo na shahada ya Belgradi.
"Hesabu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Nikahesabu juu ya mfuko wa chumvi.
Wanawake tisa. Kila mmoja humenya kilo sitini kwa siku,
vidole vyeusi, kucha zikiwasha kama zimechovywa siki.
Kilo mbili huzaa mtungi mmoja,
maana pilipili hoho ni kama majivuno: motoni husinyaa.
Mitungi mia mbili na sabini kwa siku.
Msimu, siku arobaini, mvua isipowahi.
Elfu kumi na mia nane.
Nikarudia. Hesabu haijui undugu.

Haba na haba hujaza kibaba, najua;
lakini kibaba cha Vienna, nani amekipima kina?

Nikamweleza habari za mashine ya Novi Sad:
inamenya kwa mvuke, tani nzima kwa saa,
mkopo wa miaka saba, riba ya kuvumilika.
Tukaenda kuiona. Iling'aa kama sinia la harusi.
Pilipili zilitoka uchi, nyekundu kama za kuchorwa.
Desanka akaokota moja, akatafuna,
akatafuna, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau.
"Moshi uko wapi?"
Fundi akacheka: moshi huja kwa chupa, mama,
matone matatu kwa pipa.

Njiani kurudi Leskovac hakutoa neno.
Mimi nilisema mengi: kwamba soko halimngoji mtu,
kwamba Radojka ana miaka sabini na mgongo wake umekwisha,
kwamba tukikataa, mwingine atajaza rafu tuliyoiacha.
Yote kweli. Ndiyo maana yaliuma.

Usiku akaandika jibu kwa penseli:
Elfu tisa. Iliyobaki mwakani, au basi.
Kwa nini tisa, mama mkubwa, si kumi na mia nane?
"Watu wa mtaa huu nao wana mikate ya kupaka."

Vienna haijajibu. Leo ni Ijumaa ya pili.
Nimemtafutia Radojka kiti chenye mto.
Fomu ya mkopo bado imo mfukoni mwangu,
imekunjwa mara nne,
inanuka moshi.