Urari

Miaka minne chuoni nilihesabu mizani.
Nane za ukwapi, nane za utao.
Nikaandika tasnifu nzima juu ya kina cha kati,
kisha nikarudi Lamu na bahasha ya kaki
na namba ya ualimu isiyoitwa na mtu.

Shangazi Zena hakunizungusha:
"Ilimu yote iyo, mwanangu, na yeo wawanga punda?"

Ni kweli, nawanga punda.
Kumi na mmoja, wa Shekuwe Bunu,
mchukuzi wa mchanga, saruji na mawe,
ofisi yake Langoni, mlango mmoja, feni mbovu,
risiti ndani ya bati la biskuti, zimelowa jasho.
Siku ya usaili aliniuliza swali moja tu:
"Waweza kuketi?"

Kwetu kuwanga ni kuhesabu.
Wenzangu wa bara walicheka nilipowaambia;
kwao anayewanga ni yule atokaye uchi usiku wa manane.
Basi mimi natimiza maana zote mbili:
usiku darini, taa ya simu, kitabu cha uhasibu,
debiti kushoto, krediti kulia,
na majirani wanasikia nanong'ona.

Mwanzoni maneno yalinihadaa.
Nilikuta urari, nikadhani ni ule wangu.
Nilikuta mizania, nikatabasamu
kama aliyeona jamaa gatini.
Shajara haikuwa na siri ya mtu.
Na dhima, niliyoijadili kurasa ishirini,
dhima ya mshairi katika jamii,
huku ni deni tu, lina tarehe.
Usiniulize inkisari!
Kule silabi ikizidi unaibana, unasifiwa.
Huku ukibana sifuri moja
wasomaji wako ni polisi.

Mwezi wa tatu daftari lilikataa kufunga.
Mia nne na hamsini.
Shekuwe akachomoa noti: "Jaza, twende tukale."
Nikamrudishia.
Nilipekua ankara hadi adhana ya alfajiri,
ndipo nikamkumbuka mwalimu wa jioni:
tofauti ikigawanyika kwa tisa,
tarakimu zimepishana.
Ikagawanyika. Hamsini kamili.
Ilikuwa ankara ya mchanga wa Mkomani,
elfu tano mia nane na thelathini,
niliyoiandika elfu tano mia tatu na themanini.
Nane na tatu zimebadilishana viti, basi.
Nimewahi kulia kwa ajili ya ubeti.
Kwa ajili ya jumla, ilikuwa mara ya kwanza.

Kisha akafa Waziri.
Alinunuliwa elfu thelathini na mbili,
umri wa kazi miaka minane,
uchakavu elfu nne kila mwaka.
Alianguka mwaka wa tano ukiisha, kichochoroni,
mifuko miwili ya saruji ingali mgongoni.
Thamani kitabuni: elfu kumi na mbili.
Famau, aliyemwongoza tangu alipoletwa,
alisimama kizingitini na hatamu mkononi
akauliza aiweke wapi.
Nilitazama daftari. Sikuwa na safu ya hatamu.

Nilifuta elfu kumi na mbili, kama kanuni zitakavyo.
Ila kwenye maelezo hubaki nafasi ya mstari,
watu huandika "amekufa", au hawaandiki.
Mimi niliandika:

*Alibeba nyumba zetu, hakudai hata senti.*

Mkaguzi alikuja Juni kutoka Mombasa,
kijana wa haraka, kalamu ya kijani.
Alishuka na safu, akafika hapo, akasita.
Nilimwona midomo inacheza,
vidole vinagonga meza, nane, halafu nane.
Akatia vema. Akafungua ukurasa.

Nimebakiza mitihani mitatu.
Hatamu ingali kwenye droo yangu,
chini ya risiti za Mei.
Haimo katika orodha ya mali.