Mwalimu Somoe, Jiko Lilale Nje

Nilikuona jana jioni, Mwalimu,
ukitoka dukani kwa Mwampashe na debe la mkaa kichwani,
kanga mbili mabegani, kana kwamba kanga ni kitu
mbele ya Julai ya Isyonje.
Nikajisemea: huyu wa Lindi leo ataingia na jiko ndani.
Ndiyo maana nimebisha kabla hujafunga.

Huku baridi haipigi hodi.
Inapita chini ya mlango, inajitandaza kitandani kama shemeji,
asubuhi unakuta majani ya viazi yameungua kwa umande ulioganda,
meusi, utadhani yamepitiwa na moto.
Baridi tunaijua. Tunaitukana, tunaizoea.
Nilichokuwa sikijui ni kile kingine.

Nilinunua vifaranga hamsini, vya siku moja.
Nikaviweka kwenye boksi la sabuni, chumbani tunamolala,
jiko kando yake, mkaa umeshika vizuri,
mwekundu, hauna moshi hata wa kuwasha jicho.
Hapo ndipo nilipodanganyika:
nilidhani moshi ukiisha, ubaya umeisha.
Mume wangu akaziba matundu,
magazeti dirishani, mfuko wa salfeti chini ya mlango,
tambara pale wanapotokea panya.
Tukaweka na beseni la maji. Tuliambiwa maji hunywa sumu.
Maji hayanywi kitu, Mwalimu.
Asubuhi yalikuwa vilevile, pomoni.

Vifaranga vililia weee, kisha vikanyamaza.
Nikasema moyoni: vimeshiba joto.

Asajile alikuwa na miaka sita, na bado kikojozi.
Nilishamnyima chai ya jioni,
nilishamwanikia godoro mbele ya wenzake,
nilishamchapa, Mungu anisamehe, kwa mpini wa ufagio.
Usiku ule akaamka.
Anasema kichwa kilikuwa kikitwanga kama kinu,
miguu si yake,
akaniita mama, mama,
na mama nipo palepale, mdomo wazi, sisikii.
Akatambaa. Aliogopa fimbo kuliko giza.
Akavuta ule mfuko, akasukuma mlango kwa bega,
akaanguka nusu ndani nusu nje,
akakojolea kizingiti.

Na baridi ikaingia.
Ileile niliyoizibia kila tundu
ikanipenya puani kama sindano.
Nikafumbua macho, nikatapika.
Nikamkokota mume wangu kwa kola ya koti,
mzito kama gogo la mkaratusi,
hadi kwenye matope, chini ya nyota.

Majirani wakasema jinamizi. Mmoja akataja mtu, kwa jina.
Nesi Atuganile wa zahanati hakutaja mtu.
Aliuliza tu: jiko lilikuwa wapi?
Akasema mkaa kwenye chumba kilichofungwa
huzaa hewa isiyo na rangi, isiyo na harufu,
inaingia kwenye damu na kukikalia kiti cha pumzi,
na aliyelala hajui kama ameng'olewa kitini.

Vifaranga nilivifukia nyuma ya choo.
Arobaini na tisa. Kimoja sikukiona.

Sikukatazi moto, Mwalimu. Nani aishi huku bila moto?
Ota barazani. Pika mlango ukiwa wazi.
Ukitaka kulala, litoe,
hata ukiona majivu matupu, chini yake kuna kaa linahema.
Tundu lile juu ya dirisha usiliguse.
Miguuni weka chupa ya maji ya moto, kizibo kikaze.
Na ukiamka kichwa kizito, tumbo linapanda,
usitafute panadoli kwanza, tafuta mlango.

Shika blanketi hili.
Ni la Asajile, yuko sekondari Tukuyu sasa, wana yao ya shule.
Usijali hiyo alama ya njano katikati.
Nimelifua miaka, haikutoka,
na siku hizi siombi itoke.