Zambarau Inapofifia

Murizi, ndivyo wanavyouita kule milimani,
mti wa miiba, kimo cha mtu na nusu,
umeota kando ya njia na hakuna aliyeupanda.
Mwezi wa Mei hujifunika weupe
na kunuka, tuseme kweli, kama samaki aliyelala.
Trimethilamini, Prenda anaandika. Inzi huipenda.

Maua haya aliyachuma kaka yake, Ndue,
akayatuma Shkodra kwa basi la alfajiri
ndani ya foronya ya marehemu baba.
Gramu mia mbili na arobaini.
Foronya ina doa la wino pembeni.

Akayaanika kivulini siku tisa.
Akayasaga, akayaloweka katika methanoli
hadi kimiminika kikawa rangi ya chai ya mgonjwa.
Kisha mashine ikaviita vilivyomo kimoja kimoja,
kama karani mwenye daftari la mahudhurio:
hiperosidi, ipo. Viteksini, ipo.
Asidi ya klorojeni, ipo, tena tele.
Na kilele kimoja kidogo, dakika ya ishirini na mbili,
hakikuitikia jina lolote.

Sasa chupa ya zambarau.
Humo mna molekuli zenye elektroni kapera,
hazitulii, hunyang'anya chochote zinachogusa;
ndivyo mafuta yanavyochacha,
ndivyo mishipa, wanasema, inavyozeeka.
Tone la maua likadondoka.

Ua halipigani. Linatoa.
Linampa kapera kile alichokuwa akikipora
na zambarau inalegea, inachujuka,
inakuwa njano, njano ya majani makavu.
Dakika thelathini.
Asilimia themanini na nane.

Simu. Ni Ndue, upepo, kengele za kondoo.
"Basi ni dawa?"
"Ndani ya kioo, ndiyo."
"Nimekuuliza dawa."
"Nami nimekujibu kioo."
Kimya, na salio linaliwa.
"Alikunywa miaka kumi na mmoja," anasema Ndue,
"kila jioni, bila sukari.
Na moyo ukamsimamia akifunga zizi."

Jedwali halina safu ya jambo hilo.
Lina wastani, lina kosa la kipimo, jumlisha au toa.
Prenda anawaza: bila maua, labda ingekuwa minne.
Anawaza: labda ingekuwa kumi na mmoja ileile.
Kila kipimo amekirudia mara tatu, ndiyo kanuni,
na pembeni ameweka kijibomba kisichotiwa ua,
cha kulinganishia.
Baba alikuwa mmoja.

Anazima taa ya mashine. Anaosha vioo.
Mbele ya dakika ya ishirini na mbili anaandika:
hakijatambuliwa.

Ndue anataka foronya irudi kwa basi la Ijumaa.
Hajaifua.
Ameigeuza nje ndani, ameikung'uta dirishani,
na kwenye pindo bado mna chavua,
vumbi la manjano lisilotosha kupimwa.