Kigingi cha Klarineti

Ubeti wa tatu, zamu yangu ilipofika,
harusini Chumbageni, mbele ya viti vya kukodi,
niliinyanyua klarineti
nayo ikanyanyuka na stendi yake,
miguu mitatu ikining'inia kama kuku aliyeshikwa shingo.
Mpiga ngoma akakosa pigo.
Bibi harusi akaficha meno kwa kiganja.
Nikavuta, ikagoma. Nikazungusha, ikalia kwii.
Wa fidla wakanisubiri, wakarudia kiitikio mara mbili,
mara tatu,
hadi nikaketi nayo mapajani, na vyuma vyake,
kama niliyepakatishwa mtoto wa watu.

Asubuhi nikaipeleka Ngamiani, barabara ya kumi na moja,
kwa Mhina Semkiwa, fundi cherehani.
Fundi wa klarineti hatunaye tena;
wa mwisho alikuwa mjomba Kilua,
naye tulimzika mwaka ule wa mvua.
Aliniachia sanduku, matete manne,
na neno moja: usiilaze chini.
Kulitii neno hilo nilinunua stendi, ya mtumba.

Mhina hajapata kuishika ala hii.
Aliigeuza, akaunusa mdomo wake wa chini,
akasema, "Huu mpingo."
Akanusa tena. "Mpingo hauna neno. Mgonjwa ni huyu mwenzake."
Akakidonoa kigingi kwa bisibisi:
mpira mweusi uliolainika kwa joto la Januari
ukamganda kidoleni.
"Ulimbo," akasema. "Umetegwa, ndege kanasa."
Kisha akaniuliza swali la aibu:
"Ukimaliza kupiga, mate yanakwenda wapi?"

Sikumjibu. Nilijua yanakokwenda.
Yanateremka taratibu, tundu kwa tundu,
hadi mdomo wa chini, yakutane na mpira gizani,
na mimi huku nimeshakaa, nakunywa soda, napokea tunzo.
Pumzi yangu ya jana ndiyo gundi ya leo.
Mjomba alikuwa na kitambaa chake cha kamba,
kila mapumziko akikipitisha ndani, kutoka juu hadi chini.
Nilidhani ni madaha ya uzee.

Kazi ikaanza.
Mafuta ya taa kidogo kwenye tambara,
kwa chuma tu, akajionya mwenyewe, mti usiguswe.
Akaukwangua mpira kwa mgongo wa kisu,
ukabanduka kama ukoko wa chungu,
kikabaki chuma kitupu.
"Kitaukwaruza mpingo," nikasema.
"Subiri."
Akatwaa uzi wa katani, ule mwembamba,
akauzungusha kama anayefunga mpini uliopasuka,
juu yake kipande cha kanga kuukuu
kilichobaki na neno moja la jina lake: SISEMI.
Akamalizia kwa kukisugua na kipande cha mshumaa.

Tukajaribu. Ikapwaya, ikainama kama mlevi.
Akafumua, akaongeza mizunguko mitano.
Tukajaribu. Ikakwama.
Akapunguza miwili.
Mizunguko mitatu basi:
hicho ndicho kipimo kati ya kupwaya na kukwama,
na mimi niliyeolewa mara mbili
nilikaa juu ya kigoda chake nikaihesabu upya,
mmoja, wa pili, wa tatu.

Alitaka elfu tatu. Nikampa tano,
akanirudishia chenji yangu.
"Nimekuuzia uzi," akasema. "Kinywa ni chako."

Jumamosi, ubeti wa tatu, niliinyanyua.
Stendi ikabaki sakafuni
na SISEMI yake kiunoni.
Hakuna aliyeona kitu. Ngoma haikukosa pigo.
Mapumziko yalipofika, kabla ya soda,
nilitoa kitambaa, nikatumbukiza kamba,
nikakivuta polepole, kutoka juu hadi chini.
Kijana wa fidla akamnong'oneza mwenzake.
Sikusikia vizuri.
Nadhani alisema: madaha.