Herufi Yenye Mkia

Faki Shaame alikuja na barua mfukoni mwa kanzu,
imekunjwa mara nne, inanukia karafuu.
"Mwalimu, hapa pembeni, kwa wino mwekundu,
bwana wa mradi kaandika neno moja la Kiingereza.
Nisomee. Ni ndiyo au ni hapana?"

Neno limeanza na herufi tusiyokuwa nayo:
duara lenye mkia, kiluwiluwi
aliyetoroka dimbwini akaingia karatasini.

Mradi wenyewe naujua. Mtambwe nzima inaujua:
majamvi ya karafuu yapandishwe vitandani,
vitanda vipandishwe magurudumuni,
magurudumu yapite juu ya reli za boriti,
mvua ikichungulia tu, uvute kamba moja
mavuno ya mtaa mzima yakimbilie bandani
yasigeuke mpeta.
Gharama: pameachwa wazi.
Mvuta kamba: "Inshallah atapatikana."

Nikafungua kamusi.
Mpango usiotekelezeka, ikasema.
Hilo tunalo: kutwanga maji kinuni,
kuteka kisima kwa pakacha.
Lakini kamusi haikuishia hapo.
Ikaongeza moyo mweupe, ikaongeza ubishi
wa mtu ahesabuye watu kabla ya fedha.
Neno linalocheka huku limevua kofia.

Nikatafuta la kwetu.
Mwotaji? Huyo amelala, na Faki halali,
usiku twasikia nyundo yake.
Mwendawazimu? Majirani wamelitumia hadi likachakaa.

"Mwalimu, mbona kimya?"
"Linasema mpango wako ni mkubwa kuliko..."
Nikakwama.
"Kuliko nini?"
"Kuliko mfuko wao."
"Aa. Basi ni ndiyo," akasema,
akaikunja barua mara ya tano.

Wingu la Jumanne halikupiga hodi.
Bi Mize na wanawe wakayavamia majamvi,
makapu, mafagio, kelele, mtoto mmoja uchi.
Uwanjani kwa Faki palikuwa na kitanda kimoja,
magurudumu manne yasiyolingana,
mawili ya kigari cha kichanga, mawili sijui ya nini.
Akavuta kamba.
Kikaondoka. Wallahi kikaondoka!
Kikala hatua sita, saba,
kikagonga jiwe, kikainama upande
kama mzee anayetafuta kiatu.

Kamusi nilikuwa nayo kwapani.
Nikaisukumia ndani ya banda, kwenye ukavu,
nikarudi mvuani kusukuma,
nacheka, viatu mkononi.