Mfuko wa Msimbazi Mmoja

Manila nanunua Mtaa wa Sikukuu,
kumi kumi, na muuzaji huziviringisha kabla sijamkataza.
Nyumbani Buguruni nazilaza chini ya godoro usiku mzima
zisahau alivyozizungusha.
Hazisahau zote. Karatasi ina kinyongo:
ikunje kombo mara moja tu, kovu halitoki
hata upige pasi.

Meza yangu ni mlango wa zamani juu ya ndoo mbili za rangi.
Tundu la kitasa bado lipo; humo nachomeka mkasi.
Rula ya chuma, wembe, kijiko cha chai cha kupigia mikunjo,
gundi ya muhogo niliyoikoroga mwenyewe
(mende wanaipenda kuliko wateja wanavyozipenda kadi).
Feni nazima. Feni na karatasi hazikai nyumba moja.
Basi jasho, na kitambaa begani,
maana tone moja likidondokea neno Hongera
hongera yenyewe inaanza kulia.

Siku hizi kadi zinasafiri kwa simu.
Kamati ya harusi inakutumia maua yanayometameta,
jina lako wamelikosea, chini yake namba ya kutuma mchango.
Mwanangu Tunu ananiuliza: Mama, nani bado anakunja?
Namjibu: sogea, unanizibia mwanga.

Jumatano alikuja Kondo, wa bodaboda pale Malapa,
kofia ngumu kwapani, anasimama kwa upande
kama mtu aliyekuja kukopa.
Binti yake Mwanahawa anamaliza darasa la saba.
"Nataka mfuko wa kumtunzia," alisema, "mzuri,
ila..."
Akatoa noti. Msimbazi mmoja,
umelowa jasho la mfuko wa shati.
"Wenzake watavishwa mashada ya noti.
Hii ifanye isionekane ni moja."

Miaka kumi na minne nakunja.
Nimekunja mahari, nimekunja rambirambi,
nimekunja pole ya mguu uliovunjika Tabata Relini.
Sijawahi kuombwa kukunja umoja uwe wingi.

Nikamwambia: kaa. Nisimulie huyo mtoto.
Akasimulia mpaka abiria wake wawili wakachukuliwa na wengine.

Usiku ule umeme ulikatika.
Nilikunja kwa mwanga wa simu niliyoiuma kwa meno.
Kati kwa kati. Kisha pembe kwa pembe.
Mfuko ndani ya mfuko, kila mmoja na ulimi wake,
na kila ulimi nikaupa neno la baba:
siku ulipohesabu hadi mia ukiwa na homa;
siku ulipogoma kuvaa viatu vya kaka yako;
ile mvua, ukiwa mabegani kwangu, ukiniambia pa kukanyaga.
Mikunjo sita ya maneno.
Wa saba, noti.

Kiswahili chetu kina mtu mkunjufu.
Tunamsifu: ana moyo mkunjufu, uso mkunjufu.
Hakuna anayeuliza nani alimkunja kwanza,
na kwa mkono gani.

Jumapili asubuhi, binti huyo kibarazani kwangu.
Mfuko anao, umefunguka wote,
unaning'inia kama utepe wa fundi cherehani.
Noti sikuiona. Sikuuliza.
"Nimeufungua," alisema, "sasa siwezi kuurudisha.
Baba naye amejaribu. Ameuchana kidogo, hapa."
Kweli. Umechanika kwenye mvua.

Nikavuta ndoo ya tatu, akakaa.
Nikampa kijiko.
"Usiulazimishe. Papasa, utasikia alama. Fuata hiyo."
Alikunja uso kwanza.
Halafu, ulimi ukiwa nje kidogo pembeni mwa mdomo,
akakunja karatasi.

Barabarani honi ililia mara mbili, fupi fupi.
Kondo, juani, juu ya pikipiki yake.
Nilimpungia aingie.
Akaangalia pembeni, akawa anafuta kioo
ambacho hakikuwa na vumbi.