Mashine Namba Tatu

Walichapa nakala mia tatu.
Mia na themanini na tisa zilibaki kwenye maboksi
nyuma ya sauna ya shangazi yake Raakel,
zikanywa mvuke miaka minane
mpaka majalada yakajikunja kama masikio ya paka.
Gazeti la Oulu liliipa albamu mistari minne,
na katika mistari hiyo minne
jina lake wakalikosea.

Ngoma yake ni mashine ya kufulia.
Sisemi kwa mafumbo: Raakel aliteremka usiku
chini kabisa ya jengo, kwenye chumba cha kufulia,
akaweka maikrofoni juu ya mashine namba tatu,
ile yenye mguu mfupi,
na ilipofika kukamua
(du-tu, du-tu, kimya, du)
akaitandikia kinanda cha umeme, polepole,
kama anayemfunika mgonjwa asimwamshe.

Mimi mwanzoni sikuipenda. Niseme kweli.
Niliinunua kwa sababu nje baridi ilikuwa inauma
na mwenye duka alinitazama kwa jicho la nunua au toka.
Ilinichukua hadi Machi.
Nilikuwa nahamisha vyombo vya marehemu baba,
wimbo wa tano ukafika pale
besi inapoondoka bila kuaga,
nikajikuta sakafuni, sufuria mapajani.

Tangu hapo nimewajua wenzangu.
Eerikki, dereva wa greda la theluji,
huiweka saa kumi alfajiri, akapunguza mwendo
ili wimbo wa pili umwishie darajani hasa.
Marjut, muuguzi wa zamu ya usiku,
huisikiliza kwa sikio moja;
la pili ni la kengele za wagonjwa.
Mzee Ilmo, nusu kiziwi, hulaza kiganja juu ya spika:
"Huyu binti," husema, "anajua kunyamaza."

Tuko kumi na mmoja. Kila Novemba tunakutana
mle mle kwenye chumba cha kufulia.
Kwenye orodha ya zamu tunaandika "mapazia",
majirani wasiulize.
Tunakuja na kahawa, na mikate mitamu ya iliki.
Namba tatu ilishakufa. Wameleta nyingine
isiyotoa hata mguno.
Tunaichukia kwa pamoja.

Halafu tunabishana.
Wimbo wa saba, dakika ya tatu,
kuna sauti ya mtu, kama imetoka nyuma ya ukuta.
Marjut husikia "lala sasa".
Eerikki husikia jina la mwanawe asiyepiga simu.
Ilmo hasikii kitu, na ndiye mbishi kuliko wote.
Mimi nasikia "bado". Sijamwambia mtu.

Kuna siku natamani dunia nzima iisikie.
Siku nyingine, nikiona jalada lile
kwapani mwa kijana nisiyemjua,
roho inaniuma kama nimeibiwa.

Juzi, duka la dawa, nilimkuta Raakel.
Mvi mbili tatu. Mtoto mwenye mafua begani,
kifungo cha koti kimeshonwa kwa uzi mwekundu.
Swali la miaka yote hiyo likanijaa mdomoni:
ni nani yule ukutani, na anasema nini?

Akageuka yeye kwanza.
"Wewe ndiye wa mwisho kwenye foleni?"
"Ndiyo," nikamjibu. "Ni mimi."

Mtoto akakohoa mara mbili,
mara mbili tena,
kimya,
moja.
Raakel akainamisha kichwa kidogo,
na vidole vyake, mgongoni mwa mtoto,
vikahesabu.